Soko la Malori ya Huduma Duniani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Lori la huduma ni gari la aina gani?

Ni lori ambalo thamani yake huonekana likiwa limesimama. Lori la mizigo hurudisha gharama zake barabarani, lakini lori la huduma hurudisha gharama zake pembeni mwa nguzo, juu ya shimo la majitaka au chini ya mti ulioegemea waya. Kundi hili lina lori la kapu, yaani lile lenye mkono mrefu unaomwinua fundi hadi kwenye laini. Lori la kusimikia nguzo, lenye keekee kubwa ya kuchimbia shimo na mkono wa kunyanyulia nguzo yenyewe. Lori la kuvutia kebo. Lori la kunyonya tope na kuzibua mabomba. Na gari dogo lenye makabati ubavuni ambalo fundi wa maji au wa simu huliendesha kila siku kama karakana yake.

Wapo wanaoingiza humo malori ya taka na magari ya zimamoto. Sisi tumeyaacha nje, kwa kuwa wanunuzi wake ni wengine na bajeti zinazoyalipia hupangwa kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa nini ripoti za ukubwa wa soko hili hutoa takwimu zinazopishana mno?

Kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Lori moja la kapu huuzwa mara mbili kabla ya kumfikia mtumiaji: kampuni ya kwanza huuza chesisi, yaani fremu pamoja na injini, gia na kibini, kampuni ya pili huuza mkono, kapu, mfumo wa haidroli na makabati, kisha huvifunga vyote juu ya chesisi hiyo. Ripoti inayojumlisha bei ya gari zima na ripoti inayohesabu kile tu kilichofungwa juu yake zitafika kwenye majibu mawili yaliyo mbali, na yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Ukiongeza magari ya kukodishwa, magari yaliyokwisha kutumika na pikapu zenye makabati, pengo huzidi kupanuka.

Kwa hiyo anayetaka kujua soko linaelekea wapi atafaidika zaidi akitazama bajeti za ujenzi wa mitandao ya umeme na mawasiliano, pamoja na wingi wa oda ambazo watengenezaji wamezipokea na bado hawajazikamilisha, kuliko kushika tarakimu moja ya mabilioni ya dola iliyoandikwa kwenye kichwa cha ripoti.

Ni nini hasa kinachokuza mahitaji ya malori haya?

Hali ya gridi za umeme. Lori la huduma hufuata nguzo, na nguzo nyingi duniani ama zimezeeka ama bado hazijasimikwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2023 kwamba, ili malengo ya nishati na tabianchi ambayo nchi zimejiwekea yatimie, kilomita milioni 80 za gridi zitapaswa kujengwa upya au kuongezwa kufikia mwaka 2040, urefu unaokaribia kulingana na gridi yote iliyopo duniani sasa. Shirika hilo lilionyesha pia kuwa uwekezaji katika gridi ulikuwa umesimama kwenye takribani dola bilioni 300 kwa mwaka, na kwamba ungehitaji kufika zaidi ya dola bilioni 600 kwa mwaka ifikapo 2030. Wakati huohuo, miradi ya nishati jadidifu yenye uwezo wa gigawati 1,500, ambayo ilikuwa imefika hatua za mwisho za maandalizi, ilikuwa kwenye foleni ikisubiri kuunganishwa.

Kwa upande wa Ulaya, Tume ya Ulaya ilikadiria katika mpango wake wa Novemba 2023 kuwa gridi zitahitaji uwekezaji wa yuro bilioni 584 katika muongo huu, na ikaeleza kuwa asilimia 40 hivi ya gridi za usambazaji zimepita umri wa miaka 40. Nchini Marekani, sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga takribani dola bilioni 65 kwa ajili ya umeme. Barani Afrika, ambako watu wapatao milioni 600 hawana umeme, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilitangaza mwaka 2024 lengo la kuwaunganishia watu milioni 300 kufikia 2030.

Fedha hizo zote hazinunui malori moja kwa moja. Nyingi huenda kwenye transfoma, nyaya, nguzo na vibali. Hata hivyo hakuna kilomita ya laini ya juu inayojengwa bila chombo cha kuchimba shimo, cha kunyanyua nguzo na cha kumpandisha fundi. Ndiyo maana mahitaji ya malori huchelewa kidogo nyuma ya bajeti, lakini huifuata.

Kuna pia jambo lisilotajwa sana kwa kuwa halivutii vichwa vya habari, nalo ni uchakavu wa malori yenyewe. Kampuni nyingi za umeme huyabadilisha baada ya takribani miaka kumi. Nchini Australia, jukwaa la kuinulia watu likifikisha miaka kumi hupaswa kufanyiwa ukaguzi mkubwa wa kufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande, na gharama ya kazi hiyo huwafanya wamiliki wajiulize kama si bora kununua jipya. Sehemu kubwa ya mauzo ya kila mwaka hutokana na ubadilishaji wa namna hii, wala si upanuzi.

Dhoruba na moto wa nyika vina nafasi gani katika soko hili?

Vina nafasi kubwa, na ya aina mbili. Ya kwanza ni ya dharura. Kimbunga Sandy kilipopiga mashariki ya Marekani mwezi Oktoba 2012, zaidi ya wateja milioni 8 walikosa umeme, na makumi ya maelfu ya mafundi kutoka kampuni nyingine waliendesha malori yao kutoka majimbo ya mbali kwenda kusaidia. Jambo kama hilo lilijirudia baada ya kimbunga Helene mwaka 2024. Kampuni ya umeme hainunui malori kwa kipimo cha siku ya kawaida tu. Hupima pia siku ambayo nguzo elfu moja zimelala chini.

Aina ya pili huja polepole na hudumu zaidi. Mnamo Novemba 2018, moto uliopewa jina la Camp Fire uliteketeza mji wa Paradise katika jimbo la California na kuua watu 85. Chanzo chake kilikuwa kulabu ya chuma iliyoshikilia kikombe (kizuizi kinachotenga waya na mnara) cha laini ya msongo mkubwa, yaani volteji kubwa, kulabu ambayo ilikuwa imelika kwa msuguano wa takribani karne moja hadi ikakatika. Kampuni yenye laini hiyo, PG&E, ilikiri mashtaka 84 ya kuua bila kukusudia mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikatangaza mpango wa kufukia chini ya ardhi nyaya zenye urefu wa maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000. Tukio moja la namna hii hubadili orodha ya ununuzi kwa miaka mingi: mahitaji ya malori ya kukata matawi na ya kukagua laini hupanda mara moja, kisha zamu ya malori ya kuvuta kebo na ya kunyonya udongo hufuata.

Je, upanuzi wa intaneti ya faiba unaongeza mauzo?

Ndiyo, hasa ya malori madogo ya kapu ambayo mkono wake hauhitaji kuhamiwa, yaani kutengenezwa usipitishe umeme, dhidi ya msongo mkubwa. Mpango wa Marekani wa kufikisha intaneti ya kasi vijijini ulitengewa dola bilioni 42.45 peke yake. Lakini wimbi hili halifanani na lile la umeme: faiba ikishapitishwa haihitaji kuguswa mara kwa mara, na makandarasi wengi huyakodi malori haya kwa muda wa mradi, kisha huyarudisha.

Nani huyatengeneza?

Upande wa chesisi kuna majina yanayofahamika na kila dereva: Freightliner, International, Kenworth, Peterbilt, Ford, Isuzu, Hino, MAN, Mercedes-Benz. Upande wa mikono na makapu majina hayajulikani sana nje ya fani. Altec, iliyoanzishwa mwaka 1929 na yenye makao yake Birmingham, Alabama, ina nguvu sana Amerika Kaskazini. Kitengo cha malori ya huduma cha Terex kipo Watertown, South Dakota. Na Time Manufacturing ya Waco, Texas, huuza kwa jina la Versalift. Ulaya ina Palfinger ya Austria na Ruthmann ya Ujerumani, Japani ina Aichi na Tadano, na China ina XCMG na Zoomlion.

Malori hayafanani kutoka bara moja hadi jingine, na sababu mara nyingi ni leseni ya udereva kuliko ufundi. Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B huishia kwenye gari la kilo 3,500, kwa hiyo watengenezaji hujitahidi kufunga mkono mwepesi wa alumini juu ya gari dogo ili fundi yeyote aweze kuliendesha. Marekani, mpaka wa leseni ya udereva wa kibiashara huanzia pauni 26,001, ambazo ni karibu kilo 11,800, na hapo huzaliwa malori mazito yenye mikono ya mita 15 na zaidi, yanayobeba nguzo, waya na kikosi kizima.

Kwa nini lori lililoagizwa leo huchelewa kufika?

Hili ndilo swali linalowaumiza wanunuzi kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo linaloeleza hali halisi ya soko: wateja wapo, fedha zipo kwa kiasi fulani, ila uwezo wa kutengeneza haukui kwa mwendo wa mahitaji.

Fuata safari ya lori moja. Mnunuzi huandika masharti yake: urefu wa mkono, daraja la uhami, idadi ya makabati, mahali pa kila kulabu. Mtengenezaji wa mkono huomba nafasi kwa mtengenezaji wa chesisi, ambaye naye hugawa nafasi hizo kwa wateja wote wa fremu zilezile, wakiwemo wenye matipa, matangi ya mafuta na malori ya saruji. Wateja wa malori ya huduma ni wachache ndani ya foleni hiyo, na mara nyingi si wao wanaopewa kipaumbele. Chesisi ikifika, hufungwa pampu inayochukua nguvu kutoka kwenye gia, fremu huimarishwa, miguu ya kuegemea hufungwa, mkono huwekwa, nyaya na mipira ya haidroli hupitishwa, kisha lori hujaribiwa kwa uzito ili kuthibitisha kuwa halitapinduka mkono ukinyooshwa ubavuni. Kifaa kimoja kikikosekana, lori zima hukaa uani.

Ndivyo ilivyokuwa kati ya 2021 na 2022, wakati uhaba wa chipu za kielektroniki ulipozuia uzalishaji wa chesisi duniani kote. Mikono iliyokamilika ilikaa ikisubiri fremu za kufungiwa, na kwingine fremu zilikaa zikisubiri kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa ukucha. Uhaba huo umepungua, lakini uliwafundisha wanunuzi tabia ambayo haijawatoka, ya kuagiza mapema kuliko wanavyohitaji na kuagiza kwa zaidi ya mtengenezaji mmoja. Tabia hiyo nayo huvimbisha orodha za oda, hivyo orodha ndefu isichukuliwe moja kwa moja kuwa ushahidi wa mauzo yajayo.

Bei zimepandishwa na nini?

Chuma, alumini, mishahara na kanuni. Mwaka 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa chuma na alumini kutoka nje mwezi Machi, ikaupandisha hadi asilimia 50 mwezi Juni, na kuanzia tarehe 1 Novemba ikaongeza ushuru wa asilimia 25 kwa malori ya uzito wa kati na mazito yanayoingizwa nchini, kukiwa na nafuu kwa yale yanayotimiza masharti ya mkataba wa biashara wa Amerika Kaskazini. Uzito wa hatua hiyo unaeleweka ukikumbuka kwamba Freightliner na International zote zina viwanda nchini Meksiko. Juu ya hayo upo ushuru wa serikali kuu wa asilimia 12 kwa malori mapya yanayozidi pauni 33,000.

Kuhusu kanuni, Marekani ilipitisha Desemba 2022 sharti la kushusha oksidi za naitrojeni, gesi chafu zinazotoka kwenye ekzosi, za injini nzito kutoka gramu 0.2 hadi 0.035 kwa kila kipimo cha kazi ya injini, kuanzia magari ya mwaka 2027. Kila mara kanuni kama hii inapokaribia, wanunuzi hukimbilia injini za kizazi kinachoondoka, mauzo hupanda kwa muda, kisha huanguka. Mwenye kusoma takwimu za miaka hiyo awe mwangalifu: kupanda kwa namna hiyo ni ununuzi uliovutwa mbele.

Je, malori ya umeme yatachukua nafasi ya dizeli?

Kwa sehemu, na kwa utaratibu tofauti na unaotangazwa. Kwa mtazamo wa kwanza lori la kapu linafaa sana kuendeshwa kwa betri: husafiri umbali mfupi, hurudi uani kila jioni, na hutumia saa nyingi likiwa limesimama injini ikinguruma ili tu kuzungusha pampu ya haidroli. Mngurumo huo huchoma mafuta, huwazuia mafundi kusikilizana kati ya kapu na chini, na huziba kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kwa kuwa injini isiyobeba mzigo haifikishi joto la kuyaunguza.

Ugumu uko kwenye uzito. Mkono, miguu ya kuegemea na vifaa vimekwisha kula sehemu kubwa ya uzito unaoruhusiwa, na betri ya kuendeshea gari zima hula kilichobaki. Tena lipo swali ambalo kila meneja wa magari huuliza na haliwezi kupuuzwa: siku ya dhoruba, lori linalokwenda kurudisha umeme litachajiwa wapi?

Ndiyo maana hatua inayoonekana kuwa na mantiki zaidi kwa sasa ni ya kati, yaani lori la dizeli lililofungwa betri ya kuendeshea mkono pekee, kama mfumo ambao Altec huuita JEMS. Fundi akifika huzima injini, kazi huendelea kimyakimya, na mafuta hubaki kwa ajili ya safari. Malori ya umeme kamili yapo na yameonyeshwa, lakini njia yake imekuwa na mashimo. Lion Electric ya Kanada, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwanzo wa malori ya umeme, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 2024. Jimbo la California nalo, lililokuwa limepitisha mwaka 2023 kanuni ya kuwalazimisha wamiliki wa magari mengi kununua yasiyotoa moshi, liliondoa Januari 2025 ombi lake la kibali cha serikali kuu cha kuitekeleza. Ulaya imeshika mwelekeo mwingine: sheria ya 2024 inadai hewa ya kaboni kutoka malori mapya mazito ipungue kwa asilimia 45 ifikapo 2030 na asilimia 90 ifikapo 2040.

Usalama unaathirije soko?

Unaamua nani anaweza kuuza. Mkono wa lori linalofanya kazi kwenye waya wenye umeme hutengenezwa kwa faibaglasi katika sehemu yake ya juu, na kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI A92.2 huugawa katika madaraja. Katika daraja A mkono wenyewe ndio kinga kuu ya fundi. Katika madaraja B na C kinga kuu ni glavu za mpira, na mkono ni kinga ya pili. Ulaya hutumia kiwango cha EN 280 kwa majukwaa ya kuinulia watu.

Mkono huo hupimwa tena na tena. Lori huegeshwa mahali pakavu, mkono huinuliwa, msongo mkubwa hupelekwa kwenye ncha karibu na kapu, na mpimaji hutazama mita kuona ni umeme kiasi gani unaotambaa kushuka kwenye faibaglasi. Kinachosomwa ni sehemu za milioni za ampia. Vumbi, unyevu, mafuta ya haidroli yaliyovuja au mkwaruzo uliopenya rangi vinatosha kuupeleka mkono karakana, ijapokuwa kwa macho unaonekana mpya. Mtengenezaji mgeni anayeingia sokoni kwa bei ndogo hukwama hapa mara nyingi: anaweza kuuza lori, lakini mnunuzi humuuliza ni nani atakayelipima mwakani na vipuri vitatoka wapi.

Je, kukodi ni bora kuliko kununua?

Inategemea kazi. Kampuni ya umeme yenye eneo lake la kudumu kwa kawaida hununua. Mkandarasi anayeshinda zabuni ya miezi minane hukodi. Ukodishaji umekua hadi kuwa biashara kubwa kamili: Nesco iliinunua Custom Truck One Source mwaka 2021 kwa karibu dola bilioni 1.5, ikachukua jina hilo, na kampuni iliyozaliwa ina magari takribani 10,000 ya kukodisha. Ucheleweshaji wa oda ndio uliowasukuma wengi huko, kwa sababu lori la kukodi lipo leo.

Malori yaliyotumika nayo hupata wanunuzi haraka, ila bei nafuu isimpofushe mtu. Aombe kumbukumbu za vipimo vya uhami na za ukaguzi wa mkono kabla ya kutazama kilomita, kwani injini inaweza kubadilishwa kwa gharama inayovumilika, ilhali mkono uliopasuka kwa ndani huondoa maana ya ununuzi mzima.

Uhaba wa mafundi una uhusiano gani na malori?

Una uhusiano wa pande mbili. Viwandani hukosekana wachomeleaji na mafundi wa haidroli, na hilo hurefusha foleni iliyoelezwa hapo juu. Kwenye laini, mafundi wenye uzoefu wanastaafu na inachukua miaka kadhaa kumfundisha mwingine hadi aaminiwe kugusa waya wenye umeme peke yake. Kwa hiyo baadhi ya kampuni hununua malori yanayopunguza idadi ya watu wanaohitajika kwenye kikosi, na nyingine huyaacha malori uani kwa kukosa wa kuyapanda.

Ni dalili zipi za kuangalia katika miaka michache ijayo?

Tazama kama watengenezaji wa chesisi watatenga nafasi zaidi kwa ajili ya malori ya kazi maalumu, kwa kuwa bila hilo kiwanda kipya cha mikono hakitatoa lori hata moja la ziada. Tazama mauzo ya 2027, ikiwa yatashuka baada ya ununuzi wa kuwahi injini za zamani. Tazama pia uwiano kati ya malori ya kapu na ya kebo za ardhini katika zabuni za kampuni zilizounguliwa au kupigwa na dhoruba, kwa maana kila kilomita inayofukiwa humwondolea lori la kapu mteja na kumpa lori la kunyonya udongo.